Kosa na Dalili: Kuisoma Rosa Mistika katika Milima ya Upare

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, imezoea kusomwa kama kesi. Msomaji hukalia kiti cha hakimu, humwita Rosa, humwita baba yake Zakaria, kisha hutafuta mwenye kosa. Mazoea hayo hayakuzuka bure, maana mwandishi mwenyewe ameimaliza hadithi yake mbele ya kiti cha hukumu huko mbinguni. Lakini darasani kesi hii aghalabu huwa imekwisha kabla haijaanza. Swali linaloulizwa ni hili: je, Rosa alipotoka kwa sababu ya malezi makali, au kwa sababu ya uhuru usio na mipaka? Wajibuji wa pande zote mbili hukubali jambo moja bila kulipima, nalo ni kwamba aliyoyatenda Rosa ni upotovu tu, na kwamba kifo chake alichojiletea mwenyewe ni mshahara wa upotovu huo. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kuwa Kezilahabi ameandika habari za msichana anayeumwa, ambaye maumivu yake watu waliyaona kwa macho yao wakayaita tabia mbaya.

Mahali palipochaguliwa kuipimia hoja hii ni Same na milima ya Upare, mbali kabisa na kisiwa cha Ukerewe alikozaliwa Rosa na mwandishi wake. Mtoto wa Chome au wa Vudee halijui ziwa la Rosa, wala hajapata kungoja mashua ya kwenda Mwanza. Ila safari yenyewe anaijua. Huondoka kwenye ukungu, migomba na tangawizi, akashuka kwa njia za kona nyingi mpaka nchi kavu ya tambarare, penye reli na barabara kuu ya Moshi, na huko akakabidhiwa bweni. Nyuma yake huacha nyumba ambamo neno la baba halijibiwi. Mbele yake hukuta umati wa vijana wenzake ambao hakuna hata mmoja amjuaye tangu utoto. Huo ndio mpito wa Rosa kutoka Namagondo kwenda shule ya Rosary. Upare, zaidi ya hayo, una historia iliyoandikwa juu ya namna watu wake walivyowalea vijana na walivyowatupa, na historia hiyo yasaidia kuliona jambo ambalo kitabu kinalisema kwa kificho.

Yafaa kwanza kukumbuka nathari ya Kiswahili aliyoikuta Kezilahabi. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, jina la mtu ndilo tabia yake. Adili ni mwadilifu; ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ni kama walivyoitwa. Hao wawili wanageuzwa manyani kwa maovu yao, na Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku. Huruma imo katika kitabu hicho, na mwisho wake ni msamaha na kurejea ubinadamu. Hata hivyo hakuna anayeuliza wivu wa Mwivu ulitoka wapi. Katika hadithi ya namna hiyo swali hilo halina nafasi, kama vile mtu asivyouliza kwa nini maji ni maji. Tabia ni asili ya mtu. Yaweza kutuzwa au kuadhibiwa, lakini haina historia.

Kezilahabi aligeuza mambo. Jina alilompa msichana wake ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, waridi la fumbo. Jina hilo halielezi tabia ya Rosa, bali ni mzigo aliotwishwa. Tangu ukurasa unapofunuliwa msomaji ana mizani mkononi, jina upande mmoja na maisha upande wa pili, na kila mtu kijijini anamsoma Rosa kwa mizani hiyo. Pengine hili ndilo jambo jipya kuliko yote katika kitabu, nalo halisifiwi kama inavyostahili.

Sasa yatazamwe matukio yenyewe kwa utaratibu wake. Zakaria ni mwalimu wa zamani aliyezama katika pombe, na mkewe Regina anapigwa mbele ya watoto. Rosa, mtoto wa kwanza, anaandikiwa barua na mvulana, Charles. Barua inaangukia mikononi mwa baba, na Rosa anapigwa kwa ukatili. Hapa msomaji asipite haraka. Rosa hakuiandika barua ile. Ameadhibiwa kwa maneno ya mtu mwingine, na kosa lake ni kupendwa. Siku ile anajifunza somo ambalo hakuna mwalimu angelikubali kwamba amelifundisha, kwamba kupendwa na kupigwa ni jambo moja. Anapofika Mwanza anawaogopa wavulana, na wenzake wanamcheka kwa woga huo. Kisha anatokea Deogratias, mtu mzima mwenye kazi na heshima, anamhadaa, na yanayofuata mpaka chuoni Morogoro yanajulikana: wanaume, pombe, mimba zinazotolewa.

Wahakiki wengi wameyaita hayo uhuru. Neno hilo linakosea, kwa sababu katika kurasa hizo furaha ni haba mno. Rosa haonekani kama mtu aliyefunguliwa kamba anayecheza, bali kama mtu anayekimbia asijue anakimbia nini. Waganga wanaotibu vijana wanayafahamu mambo haya. Huzuni nzito ya mtu mzima, ile iitwayo sonona, kwa kawaida huonekana katika uso na machozi. Kwa kijana inaweza kuvaa nguo nyingine kabisa, zikiwamo hasira, utoro, ulevi, ugomvi, uongo na kujitoa kwa kila ajaye. Wazazi huona utundu, walimu huona ukaidi, na jirani huona uhuni. Kijana mwenyewe, kwa kuwa hana jina jingine la kuliita lile linalomla, hukubali jina analopewa.

Hoja yenye nguvu kuliko zote, hata hivyo, imo katika mpango wa hadithi, nayo ni wakati ambao kifo kinakuja. Kama kifo kingalikuwa mshahara wa upotovu, kingalifika Morogoro. Hakikufika huko. Rosa anarudi katika maisha ya utulivu. Charles yule yule wa barua anarudi pia, na ndoa inakaribia. Kwa kipimo cha kijiji Rosa amepona. Binti anakaa nyumbani, anasema kwa adabu, amepata mchumba. Ndipo Charles anapotambua kwamba si bikira, naye anamwacha. Rosa anajiua akiwa katika wakati wake wa tabia njema. Mwandishi angewezaje kusema waziwazi zaidi ya hivyo kwamba tabia iliyotengemaa si jeraha lililopona? Aliyempenda kwanza ndiye aliyemletea kipigo cha kwanza bila kukusudia, na ndiye anayemletea cha mwisho kwa kukusudia. Kati ya vipigo hivyo viwili hakuna mtu aliyeuliza binti huyu ana nini. Wengi waliuliza amefanya nini.

Katika Upare swali hilo lilipata kuwa la watu wengi. Isaria Kimambo, Mpare na mwanahistoria, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya utawala wa Wapare, ameeleza nafasi kubwa ya mshitu, yaani jando la msituni, katika dola ya Ugweno ya Upare wa kaskazini. Mranga, mtawala anayekumbukwa kwa kutengeneza upya mabaraza ya nchi, hakuacha jando nje ya matengenezo hayo, kwa maana kulea vijana na kutawala nchi vilikuwa kazi moja. Mshitu haukuwa mahali pa upole. Ulikuwa na siri, na maumivu, na vitisho. Wala haungemfaa Rosa, kwa kuwa ulikuwa wa wavulana. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kijana aliyepitia huko alitazamwa na rika lake na wakubwa wengi kwa pamoja, na zamu ya kumtazama haikuachiwa baba mmoja mlevi.

Lakini asiyetaka kujidanganya juu ya zamani na apande mpaka Mbaga akaonyeshwe jiwe la Malameni. Husimuliwa huko kwamba hadi miaka ya 1930 watoto walioaminiwa kuwa na mkosi walitupwa kutoka juu ya jiwe hilo. Mahali pengi pa nchi hii mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, na jina hilo lilitosha kumtenga na wenzake. Hapo ndipo hoja ya makala haya inapojaribiwa. Haitoshi kusema kwamba tabia ya kijana ni dalili na si kosa. Kigego naye alisomwa kama dalili! Meno yake yalichukuliwa kuwa habari juu ya ukoo, na ukoo ukajiokoa kwa kumtoa. Dalili inayosomwa kwa ajili ya usalama wa wengine huua sawasawa na kosa linaloadhibiwa. Kijiji cha Rosa kinazisoma dalili zake vizuri sana, kila mtu anajua, kila mtu anasimulia. Lakini kinamsoma kama kigego, yaani kwa ajili ya heshima ya nyumba, ya ukoo na ya mchumba.

Kisha ikaja misheni. Waadventista walifika Upare wa kusini mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig wakaweka kituo Mbaga, ambako Jakob Dannholz alikusanya habari za imani za Wapare katika kitabu kilichotolewa baadaye kwa jina Lute, kikitaja laana na baraka. Maneno hayo mawili yanaonyesha nguvu aliyokuwa nayo mzazi kinywani mwake. Misheni zilileta shule, na shule ikaleta bweni. Kazi ya msitu ikahamia chini ya bati, ikiwa na daftari la mahudhurio na kitabu cha adhabu. Kanuni za nchi za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, navyo vinaandikwa. Machozi ya usiku hayana daftari. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shuleni kwa miongo mingi, hata Serikali ilipotangaza mwezi Novemba 2021 kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Mtu akiisoma Rosa Mistika leo akumbuke kwamba mimba za Rosa ziliandikwa chini ya kanuni ile ya zamani, wakati mtoto tumboni alikuwa na maana moja tu, nayo ni mwisho wa masomo.

Sheria yenyewe inazungumza lugha ya kosa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo, cha 226, urithi wa watawala wale wale, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza tarehe 9 Januari 2025 kuwa kinapingana na Katiba. Mzazi wa Suji au Gonja anayemwokoa mwanawe usiku, na kumbeba mpaka zahanati, ana sababu ya kusema uongo akifika mlangoni. Na uongo huo unamnyima mganga habari moja aliyoihitaji kuliko zote, kwani mtu aliyejaribu mara moja yu katika hatari kubwa ya kujaribu tena.

Hatari hiyo si ya vitabuni tu. Shirika la Afya Duniani, kwa hesabu za mwaka 2021, linasema kuwa watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2006 miongoni mwa wanafunzi wa Dar es Salaam, takribani 7 katika kila 100 walisema kwamba katika mwaka uliopita waliwahi kufikiri kujiua. Upweke na wasiwasi vilionekana kwenda pamoja na fikira hizo. Darasa la wanafunzi 45, basi, lingekuwa na watatu, nao hawakai dawati moja wakajuana.

Hapo hapana budi kuuliza kama ni salama kuwapa watatu hao kitabu ambacho shujaa wake anajiua. Swali hili ni la haki, na si geni. Goethe alipotoa mwaka 1774 hadithi ya kijana Werther aliyejiua kwa mapenzi, ilivuma kwamba vijana wanamwiga, na mwaka uliofuata mji wa Leipzig ukaipiga marufuku. Karne mbili baadaye, mwaka 1974, mtaalamu wa Marekani, David Phillips, alionyesha kwa hesabu kwamba vifo vya namna hii huongezeka pale magazeti yanapovitangaza kwa vishindo, na jambo hilo akaliita kwa jina la Werther. Mwaka 2010 watafiti wa Austria waliona upande wa pili, kwamba habari za mtu aliyefikiri kujiua kisha akapata njia ya kuishi zaweza kuokoa. Tena imethibitika kwamba kumwuliza kijana waziwazi kama anafikiri kujiua hakumtii fikira hiyo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Kinachodhuru ni kifo kinachopambwa, kinachoelezwa hatua kwa hatua, kinachoonyeshwa kama mlango wa pekee au kama ushindi.

Rosa Mistika nayo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Lakini kilichowatisha wakubwa kilikuwa mapenzi na miili, na mwisho wa kitabu haukuwa shitaka lao. Uhakiki wa haki unalazimika kukiri kwamba mwisho huo una udhaifu. Vifo vimerundikana kwa haraka, kana kwamba kalamu ilitaka kuwahi kufika mbinguni. Msimulizi, ambaye kwa kurasa nyingi amemtazama Rosa kwa huruma, mara nyingine anajiunga na wasengenyaji na kuhubiri. Miaka 3 baadaye, katika Kichwamaji, Kezilahabi alirudi kwenye jambo hilo hilo kwa mkono uliokomaa zaidi. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anajiua akiwa na falsafa nzima ya kueleza kwa nini maisha hayana maana. Lakini kukomaa huko kuna hatari yake, na kwa kijana mwenye huzuni Kichwamaji ni kitabu cha kuogopwa zaidi. Kazimoto anatoa hoja. Rosa anaumwa tu. Hoja yaweza kuigwa kwa ufasaha wake, na kijana mwerevu huona fahari kuikariri. Maumivu ya Rosa hayana ufasaha wa kuigwa. Ndiyo maana kitabu kilichoandikwa vibaya zaidi kati ya viwili hivi ndicho kinachofaa zaidi kusomwa pamoja na vijana wa Same, ikiwa mwalimu atakubali kuliacha swali la nani mwenye kosa.

Mwalimu huyo aweza kuanza na barua ya Charles, akawauliza wanafunzi ni nani katika nyumba ile, au shuleni, au kanisani, angaliweza kukaa na Rosa jioni ile baada ya kipigo, na angemwambia nini. Watataja Regina. Kisha watagundua kwamba Regina naye anapigwa, na kwamba mwenye kumwonea huruma mtoto hana nguvu, na mwenye nguvu hana huruma. Akifika Morogoro awaulize ni dalili zipi ambazo mkuu wa chuo angaliziona kama angalikuwa akitafuta mgonjwa badala ya mkosaji. Msaada wa kweli haukuwa mbali kiasi cha kushindikana. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika milima ya Usambara, Lutindi imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Watu wa Upare wamelijua jina hilo kwa vizazi, lakini kama mahali pa wendawazimu, si mahali ambapo mzazi angefikiria habari za binti anayechelewa kurudi nyumbani. Siku hizi zahanati na hospitali ya wilaya ndipo pa kuanzia, au mtu mzima yeyote ambaye kijana anamwamini na ambaye hataanza kwa kushika fimbo.

Na wakifika kwenye baraza la mbinguni, wasikimbilie hukumu. Wasikilize kwanza kinachofanyika pale. Binti anamwambia baba yake alivyomtenda, na baba anapaswa kusikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa mbele ya Mungu hawezi kunyanyua mkono wala kuondoka kwenda kilabuni. Rosa anasema wazi bila kuogopa. Zakaria hajalewa. Mazungumzo hayo hayahitaji malaika wala kiti cha enzi. Yangaliweza kufanyika Namagondo, uani, jioni yoyote ile kabla ya chakula, siku ambayo barua ya Charles ilikuwa bado mkononi mwa mzee.